Matembezi ya Mjomba Optatus

Haya alinisimulia Sesilia mwenyewe, Agosti ya mwaka jana, tukipukuchua mahindi uani kwangu.

Kila siku akitoka shule, Sesilia aliteka maji, akaosha vyombo, kisha akatoka na mjomba wake Optatus kwenda matembezini. Nyumba yao ilikuwa Ruhembe, kandokando ya mashamba ya miwa. Mama yake, Magreti, alikuwa mkata miwa. Alitoka alfajiri, akarudi alasiri akiwa hoi.

Mjomba Optatus alikuwa na ugonjwa wa akili tangu ujana wake. Ulipomzidi, alisikia sauti zikimwita ambazo mwingine hakuzisikia. Kila mwezi alichomwa sindano zahanati, na nesi Anastazia aliwaeleza bila kuficha kwamba sindano ni nusu tu ya kazi. Atembee kila jioni mpaka jasho limtoke, ndipo usiku alale. Akikosa usingizi siku tatu mfululizo, wasingoje, wampeleke zahanati.

Njia waliyopangiwa ilikwenda mpaka daraja la mto. Juma la kwanza walifika kila siku. Lakini njia ilipita uwanjani, ambako wasichana walicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, nao walimwita mjomba Popo, kwa kuwa ugonjwa ulipomzidi alikesha macho.

"Sesi, mlete huyo Popo wako atuokotee mpira," alisema Yudith, mwenzake wa darasani. "Si kazi yake ni kuzunguka tu?"

Wote wakacheka. Sesilia naye alicheka.

Tangu siku hiyo alimketisha mjomba kwenye miwa nyuma ya uwanja, akamwambia asiondoke, akaenda kucheza. Jua likizama alimrudisha. Mama alipouliza kama wamefika darajani, alijibu wamefika.

Mjomba akaanza kulala mchana. Usiku Sesilia alisikia nyayo zake chumba cha pili, zikienda na kurudi, zikienda na kurudi. Usiku wa kwanza alijifunika shuka kichwani. Wa pili nyayo hazikukoma mpaka jogoo akawika. Wa tatu mjomba alizungumza na mtu asiyekuwepo, kwa sauti ya chini, kama watu wanaopatana jambo. Mama alishangaa mtu anayetembea kila siku anakosaje usingizi. Akadhani ni joto tu, akasema wasubiri siku moja zaidi. Sesilia akaendelea kuosha vyombo.

Siku ya nne aliporudi kutoka shule, chumba cha mjomba kilikuwa wazi. Ndala zake zilikuwa mlangoni, mwenyewe hayupo.

Mama aliporudi aliita majirani, wakakimbilia darajani, maana ndiko walikoamini amezoea kwenda. Walikuwa wakichungulia majini filimbi ilipolia upande wa mashamba.

Kila mtoto wa Ruhembe anaijua filimbi ile. Miwa huchomwa kabla ya kukatwa, ili majani makavu yaishe na nyoka watoke. Filimbi ya kwanza, watu waondoke. Ya pili, wakaguzi wazunguke shamba. Ya tatu, moto. Na filimbi ilitokea nyuma ya uwanja.

Sesilia alimshika mama mkono.

"Mama, huku hatuji. Tulikuja juma moja tu. Mjomba namwacha kwenye miwa, mimi nacheza rede."

Mama hakumpiga. Alikimbia, Sesilia nyuma yake, na njiani filimbi ya pili ikalia.

Walimkuta Mzee Zabron, msimamizi, mwenge unawaka mkononi. Alimsikiliza mama nusu tu, akauzima mwenge mchangani na kuwapungia wenzake wasubiri. Pembeni kote alikuwa amekagua, alisema, ila ndani ya miwa hakuna aliyeingia.

Sesilia na mama waliingia. Majani yaliwakata mikono. Waliita taratibu, bila kelele, wasimtie hofu. Mjomba alikuwa amechutama katikati ya mistari, viganja masikioni, midomo imekauka.

"Mjomba, kwa nini hukutoka? Hukusikia filimbi?"

"Nilisikia," alisema. "Uliniambia nikiwa hapa nisiondoke."

Sesilia alipofika hapo aliweka gunzi chini, akachukua hindi jingine.

Jioni ileile walimpeleka zahanati. Nesi Anastazia alimpa dawa, na akataka amwone kila baada ya siku mbili. Kuanzia hapo Sesilia alitembea na mjomba mpaka darajani, wakipita uwanjani mchana kweupe, mama naye akifuatana nao alipokuwa na nguvu. Yudith aliita Popo mara mbili tatu; Sesilia hakucheka tena. Majuma mawili yalipita kabla nyayo hazijapungua.

Usiku zilipotulia kabisa, mama aliketi kitandani kwa Sesilia.

"Uongo wako ulinifunga macho," alisema. "Ningejua hatembei, ningempeleka siku ya tatu. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa, mwanangu, si kituko. Unataka dawa, unataka jasho na usingizi, na unataka mtu wa kutembea naye asiyemwonea aibu. Ukichoka kutembea naye, niambie umechoka. Usiniambie mmefika."

Mjomba alikuwa amekwisha kulala. Mama naye akalala. Sesilia aliweka sikio ukutani akisikiliza nyayo, kwa muda mrefu, maana ugonjwa ule huweza kurudi. Hakusikia ila pumzi za mjomba, zikipanda na kushuka, mpaka naye usingizi ukamchukua.