Vichupa Vitatu vya Safu ya Juu

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alimsubiri shangazi yake maabara, akifanya hesabu kwenye meza ya karibu na mlango. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

Shangazi alikuwa mtafiti. Alitafuta katika mkojo wa wagonjwa protini zinazoonyesha kwamba figo zimeanza kudhoofika, kabla mgonjwa hajahisi lolote. Sampuli ilipita kwenye kibamba cha kioo chenye vijia vyembamba kuliko unywele. Humo protini zilitengana, kisha mashine ikazitambua kwa uzito wake.

Jumatano hiyo shangazi alikunja uso mbele ya kompyuta.

"Keratini," alisema. "Protini ya ngozi. Imejaa tele, imefunika zote ninazozitafuta."

"Mimi nilivaa glavu, dada," fundi wa maabara alijitetea.

"Ngozi haioti kwenye kichupa, kaka. Sampuli uliandaa wewe. Sijui vimeguswa vingapi, kwa hiyo vyote ishirini na vinne tunamwaga, kazi ya miezi minane. Na mashine hii usiiguse tena."

Fundi alijaribu kutania. "Chiriku, leo hata wewe umemeza ulimi?"

Chiriku alikodolea macho daftari. Akisema, maabara hataiona tena. Akinyamaza, fundi atabeba lawama isiyo yake.

"Shangazi, ni mimi. Jana mlipotoka kunywa chai, nilifungua vichupa nione kama rangi zinatofautiana. Niliingiza kidole kwenye vifuniko."

"Vingapi?"

"Vitatu vya mwanzo, safu ya juu."

"Usinipe jibu la kunifurahisha."

"Vitatu, shangazi. Cha nne kifuniko kilinishinda."

Shangazi alivaa glavu. Alipima kichupa cha nne, kisha cha kumi. Baada ya saa moja na nusu majibu yalitoka: vyote viwili vilikuwa safi. Ishirini na kimoja vikarudishwa kwenye friji.

"Nimekuhukumu bila ushahidi," alimwambia fundi. "Samahani."

"Yameisha, dada."

Kisha akamgeukia Chiriku. "Mwezi mzima utanisubiri kwa mlinzi, getini. Wagonjwa watatu itabidi niwaombe sampuli nyingine, na barua utaniandikia wewe. Lakini sikiliza. Mashine ilituambia kuna ngozi ya mtu. Haikuweza kusema ni ya nani, wala kwamba ulishindwa na kifuniko cha nne. Hayo uliyajua wewe peke yako. Ukikosea, sema mapema, tena sema yote, maana kosa lisilojulikana hakuna anayeweza kulirekebisha."