Kishimo Kwenye Kovu

Kila asubuhi Dobi alianza kwa kuchambua nguo. Nyeupe huku, za rangi kule, zenye madoa peke yake. Doa la chai alilijua, la kutu alilijua. Damu mbichi aliiwahi kwa maji baridi. Damu iliyokaa ikageuka kahawia aliisugua kwa chumvi mpaka vidole vikamuuma. Watu wa mtaa walisema ukimpelekea Dobi shati, umempelekea na siri zako.

"Mimi sisomi magazeti," alisema. "Nasoma kola."

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: mabeseni, kamba, meza ya kupigia pasi. Mkewe, Mama Kasuku, alisimama mezani hapo akinyoosha mashati na kurudishia vifungo vilivyokatika. Kasuku lilikuwa jina la utani la binti yao wa pekee, maana tangu aanze kusema hakuwahi kunyamaza. Alizaliwa kwa upasuaji, na sasa alikuwa ameanza shule.

Nguo za mtaa mzima zilipita mikononi mwa Dobi, isipokuwa za mke wake. Hizo alizifua mwenyewe bafuni na kuzianika nyuma ya mlango. Dobi alidhani ni haya tu.

Jambo moja liliwakosesha raha. Walitaka mtoto wa pili, na mtoto hakuja. Walijaribu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya.

Siku moja dada yake Dobi alileta mashuka yake. Huyo alikuwa mcheshi, lakini utani wake ulikuwa na meno.

"Wifi," alimwambia Mama Kasuku, "huyu mtoto atacheza na nani? Na mabeseni?"

"Tunamwomba Mungu, wifi."

"Mungu mmemwomba. Na ninyi mnafanya kazi, au mnafua tu?"

Wote walicheka. Dobi naye alicheka, lakini maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wiki hiyohiyo Mama Kasuku alikwenda sokoni, akaacha sketi yake imelowekwa kwenye ndoo. Dobi aliinyanyua ili aifue. Aliona doa la kahawia. Akalitazama kama alivyotazama madoa yote, kwa jicho la kazi. Hii si damu ya leo, aliwaza. Hii ilikaa mahali. Na hedhi ya mke wangu iliisha wiki iliyopita.

Hapo akamkumbuka mteja mmoja aliyewahi kumletea shuka na kumwambia, "Samahani, Dobi. Hii sindano ya uzazi wa mpango inanitoa matone." Dobi aliunganisha hilo na hili, akapata jibu lake. Kumbe mtoto haji kwa sababu mwenyewe anamzuia.

Mama Kasuku aliporudi alimkuta na sketi mkononi.

"Unachomwa sindano," alisema Dobi.

"Sindano gani?"

"Ya kuzuia mimba. Usinichezee, Mama Kasuku. Madoa ni kazi yangu."

Mkewe aliweka kikapu chini polepole. "Sijawahi kuchomwa. Baba Kasuku, mimi tangu nipasuliwe niko hivi. Hedhi ikiisha yanakuja matone, wiki nzima, wakati mwingine zaidi. Na tumbo linaniuma huku chini."

"Miaka yote hii hukusema?"

"Nilidhani kila aliyepasuliwa yuko hivyo. Tena niliona aibu, mume wangu mwenyewe ni dobi. Twende hospitali tukaulize."

"Uende ukaongeze dozi?" alisema Dobi, akairudisha sketi kwenye ndoo.

Hawakwenda. Tuseme wazi: yeye ndiye aliyekataa. Kuanzia siku hiyo alizungumza na mkewe kwa kumtuma mtoto. "Kasuku, mwambie mama yako chakula kipoe kwanza." Na mtoto alifikisha, tena akaongeza na ya kwake.

Miezi ikapita. Kisha mwezi mmoja hedhi haikuja, wala matone hayakuja. Mama Kasuku alinunua kipimo cha mkojo, akakiweka mezani mbele ya mumewe. Mistari miwili.

Dobi alikitazama, akacheka kwa sauti. "Kumbe sindano imeisha nguvu."

Alisema hivyo kwa furaha. Mkewe hakucheka. Lakini jioni hiyo Dobi alimnyang'anya pasi, akamketisha, akamwambia Kasuku atapata mdogo wake. Kasuku akauliza kama mdogo huyo atakuwa mkimya. Hapo mama naye akatabasamu, na nyumba ikapata joto tena.

Joto hilo halikudumu. Kabla mimba haijatimiza miezi miwili, Mama Kasuku alianza kutoka damu, safari hii nyekundu. Maumivu hayakuwa makali.

"Pumzika, itakata," alisema Dobi. "Wanawake wengi huwatokea."

Kwa bahati, mkunga wa zahanati aliingia kuchukua sare zake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na mtaa wote ulimwita Dada Mkunga. Alimwona Mama Kasuku amejikunyata kwenye kiti.

"Una nini, mdogo wangu?"

"Nina mimba, Dada. Natoka damu kidogo."

"Huyu Kasuku ulimzaa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji?"

"Upasuaji."

Mkunga aliziacha sare mezani. "Simama. Dobi, tafuta gari. Tunakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

"Dada, si umwache apumzike kidogo?"

"Dobi, mambo ya kola nitakuuliza wewe. Haya ya mimba niulize mimi. Mwanamke mwenye kovu la upasuaji akitoka damu na mimba changa, hangoji nyumbani. Lazima ionekane mimba imekaa wapi."

Hospitalini daktari wa wanawake alimpima Mama Kasuku kwa ultrasaundi. Alitumia kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, kwa sababu kinaona kovu vizuri zaidi kuliko kile cha kupitishwa juu ya tumbo. Dobi aliruhusiwa kusimama kichwani pa mkewe. Kwenye kioo aliona kivuli na kitu kidogo kinachopigapiga ndani yake.

"Ni moyo?" aliuliza.

"Ni moyo," alisema daktari. Kisha akakisogeza kifaa, akapima tena.

Alipomaliza aliketi karibu nao. "Mimba ipo, lakini haikukaa mahali pake. Imejishika kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Ukuta wa kizazi pale ni mwembamba sana. Mimba ikiendelea kukua, kizazi kinaweza kupasuka, na mama akafa kwa kutoka damu."

"Haiwezi kusogezwa?" aliuliza Mama Kasuku.

"Hapana, mama. Hilo hatuwezi. Pole sana. Ushauri wangu ni tuitoe, tena leo."

Mama Kasuku hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuuona ule moyo mara moja tena. Daktari akamwonyesha. Dobi akatazama ukutani.

Mimba ikatolewa siku hiyo. Damu nyingi ilimtoka Mama Kasuku, akaongezewa nyingine. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikuwa mwepesi kama nguo iliyokamuliwa. Alilala amegeukia ukuta. Kasuku alikaa mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema, hakuwa na neno.

Waliporudi kwa daktari kupimwa tena, alichukua karatasi na kuchora kitu kama peari iliyogeuzwa.

"Hiki ni kizazi. Hapa chini ndipo walipopasua Kasuku alipozaliwa. Ngozi ya nje imepona vizuri. Lakini ndani, kovu halikuungana lote. Pamebaki kishimo kidogo upande wa ndani."

"Aliyemshona alikosea?" Dobi aliuliza kwa ukali.

"Si lazima. Hutokea kwa wanawake wengi waliopasuliwa, hata walioshonwa vizuri. Wengi hawasikii chochote, na hao hawahitaji tiba. Shida ni kwa wanaopata dalili."

"Dalili gani?" aliuliza Mama Kasuku.

"Matone baada ya hedhi kuisha. Maumivu chini ya tumbo. Kuchelewa kushika mimba. Damu ya hedhi inaingia kwenye kishimo hiki inatuama. Inakaa, inageuka kahawia, kisha inavuja kidogo kidogo. Wakati mwingine damu hiyo huzuia mimba isishike. Na mara chache, mimba yenyewe hukaa humo, kama ilivyokuwa kwako."

Dobi aliikumbuka ile sketi ya kwenye ndoo. Damu iliyokaa. Alilisoma doa lile sawasawa. Aliona kabisa kwamba damu ilikaa mahali, lakini hakuuliza ilikaa wapi. Alitafuta kosa la mkewe badala ya ugonjwa wake.

"Daktari," alisema, "tungekuja mwaka jana, ungekiona kishimo hiki?"

Daktari alimtazama kwanza Mama Kasuku. "Huenda ningekiona. Tungekuwa na nafasi ya kukitibu kabla ya mimba."

Mama Kasuku hakumtazama mumewe.

"Sasa kinatibiwaje?" aliuliza.

"Inategemea. Asiyetaka mtoto tena anaweza kupewa vidonge vya homoni vya kupunguza hedhi na matone. Kama ukuta uliobaki una unene wa kutosha, tunapitisha kamera nyembamba kwa njia ya uzazi na kusawazisha kingo za kishimo, damu isituame. Wako ni mwembamba, na unataka mtoto. Kwako naona ni kufungua tumbo, kukata kovu bovu na kushona upya. Lakini sikudanganyi. Tiba hii haimhakikishii mtu mimba."

"Nifanyieni," alisema Mama Kasuku.

Alifanyiwa alipopata nguvu. Dobi alifua, akapiga pasi, akapika. Mashati mawili aliyaunguza, na wateja walimcheka. Dada yake alipokuja na utani wake, alimkalisha.

"Usimtanie tena mke wangu kuhusu mtoto. Alikuwa mgonjwa. Aliniambia, nikamwita mwongo."

"Wewe?" alisema dada yake.

"Mimi. Na wewe ulizaa kwa upasuaji. Ukiona matone baada ya hedhi, usiyafiche kama alivyofanya yeye. Usiniachie mimi niyakute kwenye shuka. Nenda ukapimwe."

Dada yake aliuacha mzaha, akaenda kumpa wifi yake pole.

Hedhi ilirudi, na ilipoisha iliisha kweli. Hapakuwa na matone wala maumivu. Daktari alikuwa amewaambia wasitafute mimba mpaka kovu jipya likomae, na kwa Mama Kasuku alitaka mwaka mzima. Walingoja. Baada ya hapo wakangoja tena, maana mimba haikuja haraka. Ilipokuja, hawakumwambia mtu. Walikwenda kwanza kwa ultrasaundi, mapema kabisa, kuona imekaa wapi.

"Iko juu," alisema daktari. "Mahali pake."

Mama Kasuku alilia siku hiyo. Alilia kwa muda mrefu, na daktari hakumharakisha. Dobi alielewa kwamba hakuwa akimlilia huyu.

Mama Kasuku aliambiwa asingoje uchungu, kwa sababu uchungu unaweza kukipasua kizazi kilichoshonwa. Alipangiwa siku, akaingia kwa miguu yake, akapasuliwa. Mtoto alikuwa wa kiume. Alilia mara moja, akanyamaza, akaanza kulitafuta ziwa.

Nesi wa wodini alikuja na maswali yake. Mama Kasuku alikuwa bado dhaifu, midomo mikavu.

"Huyu ni uzazi wa ngapi, mama?"

"Ni wa pili," alijibu.

"Na mimba ya ngapi?"

Mama Kasuku alifunga macho. Nesi akangoja. Dobi alikuwa amemshika mtoto vibaya, kama mtu aliyeshika kitu anachoogopa kukivunja.

"Ya tatu," alisema Dobi. "Ilikuwepo moja katikati. Tuliuona moyo wake."

Nesi aliandika, akaenda kitanda kingine. Mama Kasuku alifumbua macho akamtazama mumewe kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akamrekebishia mtoto kichwa, na hakuuondoa mkono wake juu ya mkono wa Dobi.