Mama Dercio Ameamka Vizuri Leo

"Mama yangu tulimzika Machi, Neusa. Leo nani amemlisha?"

Dercio alikuwa ameazima simu ya mchumba wake apige picha ya ukungu juu ya Ruvuma, nyuma ya nyumba yao Kitaya. Ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Glory, anayefanya kazi na Neusa maabara kule Dar:

"Mama Dercio ameamka vizuri leo. Nimeshamlisha."

Maabarani sampuli huitwa kwa namba, lakini Neusa na Glory, kwa kujifanya wanajua sana, walizoea kuiita sampuli hii kwa jina la mwenyewe, Mama Dercio.

"Sema. La sivyo nampigia mjomba Celestino, kesho asipeleke barua ya posa kwenu Shangani."

"Ni yale maji yaliyotolewa tumboni mwake hospitali. Yalikuwa na seli za ile kansa yake ya ovari. Bado ziko hai."

"Kilichomuua mama, wewe unakilisha?"

"Nakilisha nione kinavyotembea. Tazama."

Akafungua video. Kilionekana kipande cha plastiki angavu, hakizidi laini ya simu, chenye vijia vyembamba kama unywele. Maji yalipita humo taratibu. Viduara vidogo vilielea, kimoja kikagusa ukingo na kung'ang'ania.

"Ndivyo inavyosambaa," Neusa alinong'ona. "Inaelea na maji ya tumbo, inatafuta pa kushika. Tukijua inashikaje, huenda siku moja tutaizuia."

Dercio alitazama simu, akatazama mto, akarudi kwenye simu. Ukungu ulikuwa umefunika ng'ambo yote, na kwa kitambo alijihisi kama anaota, mama yake yuko karibu, anapumua.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, 'Mwanangu mwoga huyo, mwambie matanga yakiisha.' Yakaisha, nikaogopa kukupoteza. Nisamehe."

"Kwani alikubali mwenyewe?"

Neusa akatoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa fomu ya ridhaa. Chini, kwa mwandiko uliolala upande wa mama yake Dercio, Mama Felismina, palisomeka: Shahidi: Neusa. Uhusiano na mgonjwa: mkwe.

"Bosi aliikataa," Neusa alisema, akicheka huku machozi yanamtoka. "Mtafiti hawezi kuwa shahidi, tena mkwe! Nesi akashuhudia nyingine. Hii nikaificha."

"Mbona tarehe yake ni ya Januari? Wakati huo hata salamu nilikuwa naona haya kukupa!"

"Alisema anaona unavyonitazama nikiingia wodini."

Dercio alilia bila aibu, kama alivyoshindwa kulia siku ya mazishi. Kisha akapiga simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vipi, kuna neno?"

"Hakuna. Kesho mtoke mapema tu."

Akakata, akamrudishia Neusa simu yake.

"Mjibu Glory."

"Nimwambie nini?"

"Amwambie mama posa inakwenda kesho."