Mlango Uliokosekana kwenye Ramani

Kila Jumamosi, akishamaliza kudeki na kuosha vyombo, msichana aliyebandikwa jina Chiriku kwa sababu ya domo lake alimsaidia dada yake kupima mtaa. Dada alisoma uchumi chuo kikuu. Mipango miji lilikuwa somo lake la ziada tu, lakini hilo la ziada ndilo lililomkaa moyoni. Kwa ajili ya somo hilo alikuwa anachora ramani ya mtaa wao, aonyeshe mahali panapofaa kuwekwa jalala.

Jumamosi moja Dada alikuwa na mtihani. "Mdogo wangu, pita uchochoro wa nyuma ya mashine ya unga, uweke alama kila penye mlango. Usiniangushe."

"Niachie mimi," alijigamba Chiriku.

Basi jua lilikuwa kali, na wenzake walikuwa wanaruka kamba. Akachungulia uchochoro kwa mbali, akaona ukuta, akaandika "kiwanja kitupu". Kisha huyoo, kwenye kamba.

Siku ya mkutano wa mtaa Dada alitundika ramani mbele ya wakazi, mhadhiri wake akisikiliza. Jalala alilichora pale penye "kiwanja kitupu". Mama mmoja, fundi cherehani, akasimama.

"Mwanangu, hapo ni mlangoni kwangu. Wanangu wanalala hapo. Kumbe sisi hatupo?"

Mhadhiri alimwambia Dada kwamba kazi ile haipokeleki.

"Umeweka jina lako kwenye kitu ambacho hukukiona," alisema. "Somo hili utalirudia mwakani."

Nyumba ikapoa. Dada alikaa na sahani mpaka chakula kikalala. Chiriku, aliyezoea kuongea hata usingizini, alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akamweleza Dada yote huku analia, mama yao akiwapo.

"Nilikuamini," Dada alisema, basi.

Mama aliwapeleka wote wawili kwa yule fundi kuomba radhi. Wakaupita uchochoro mlango kwa mlango, na katika ramani mpya jalala likahamishiwa kando ya barabara kuu, mbali na nyumba. Wakazi waliikubali. Alama za Dada chuoni hazikubadilika.

Njiani kurudi, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, si tumesharekebisha?"

"Ramani mmerekebisha," Mama alijibu. "Ukiandika usichokiona, mwanangu, kuna mtu unamfuta. Fundi umemrudisha. Mwaka wa dada yako huwezi kuurudisha."