Mkaja wa Wanu

Kila asubuhi gari ya Makunduchi ilipiga honi barabarani, na kila asubuhi Wanu aligeukia ukutani akalia. Gari ile ilikuwa ikenda kwao. Kwao kulikuwa na mumewe, Ame, na Shemsa, mtoto wao wa pekee, ambaye ndio kwanza anajifunza kusema.

Wanu alikuwa mjini, mtaa wa Ng'ambo, kwa shangazi yake, Bi Mwatum. Alikuwa ametoka hospitali. Alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa kidole tumbo, akashonwa, akaruhusiwa.

Bi Mwatum alimpenda. Lakini mapenzi mengine, lo, humbana mtu! Alitoa mkaja, ile nguo anayofungwa mzazi tumboni, akamfunga Wanu. Akakaza, akakaza tena. Kisha akamlaza.

"Shangazi, nataka kuinuka."

"Uinuke wende wapi? Uzi ukikatika nimwambie nini kaka yangu? Utalala mpaka arubaini, kama mzazi."

"Namtamani mwanangu."

"Mwanao yuko kwa baba yake, haliwi na mtu. Lala!"

Wanu akalala. Tumbo likajaa, hata uji hautaki kupita. Bi Mwatum akaingiwa na hofu. Akamwita jirani yao Mwanaasha, nesi.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba, mwanangu. Hebu mtazame huyu."

Mwanaasha alimgusa Wanu tumbo. "Umetapika? Upepo unatoka?"

"Sijatapika. Unatoka, lakini kwa shida."

"Alhamdulillahi. Tumbo likivimba na kukata, ukatapika, upepo na choo vikaziba, msingoje. Ni hospitali saa ile ile." Kisha akauona mkaja. "Nani kamfunga hivi?"

"Mie! Nshafunga wazazi wa mtaa mzima."

"Hata mie ulinifunga, Bi Mwatum, na nilipona. Lakini huyu hakuzaa, kapasuliwa. Ndani nako kuna kidonda. Kikipona kinaacha kovu, na kovu huweza kunata, likaushika utumbo. Anayelala tu, utumbo wake unazidi kuzubaa. Akitembea, nao unacheza. Kutembea si kinga ya kila kitu, lakini kunasaidia sana."

"Na uzi?"

"Hautakatika kwa kutembea pole pole. Asibebe mzigo tu. Wala mtoto."

Bi Mwatum aliinama. Akaufungua mkaja kwa mikono yake mwenyewe.

Siku ile Wanu alifika mlangoni, kashikwa kiwiko na shangazi yake. "Taratibu we! Ya Rabi!" Kisha akafika uani. Kisha bombani. Uji ukaanza kupita, tumbo likalegea. Akipumzika kidogo tu, Bi Mwatum anapiga kelele, "Inuka, mvivu we, tembea!" Wanu akacheka, akishika tumbo lake.

Asubuhi moja alifika mpaka barabarani. Akaitazama gari ya Makunduchi ikiondoka. Hospitali walipomkagua, wakamwambia sasa anaweza kwenda kwao.

Aliposhuka garini Makunduchi, Ame alimpokea njiani. Shemsa alitoka uwanjani mbio, mikono juu, abebwe. Mikono ya Wanu ilimuwasha kwa hamu. Akakumbuka maneno ya Mwanaasha.

Basi aliketi chini, pale pale mchangani, na buibui lake zuri. Akafungua mikono.

"Njoo, mama. Panda mwenyewe."

Shemsa akapanda.