Leo Sitanii

Kila asubuhi kabla ya shule, Benadetha alipeleka vitumbua vya mama yake kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi ya Kilwa Masoko. Njiani hakukosa kupita kwa mjomba wake, Mzee Sipriani, kumchokoza Deo, mtoto wa mjomba. Mabinamu ni watani. Mtani anaweza kukusema vibaya, hata kukuombea ufe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

"Bado hujafa tu?" Benadetha humuuliza.

"Nakusubiri utangulie wewe, masikio popo," Deo humjibu.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na vitu vilivyotumika Ulaya vilimiminika hadi Kilwa. Mfanyabiashara mmoja alileta pikipiki ya mbio ya Italia. Ilikuwa imefanyiwa mambo mengi: tangi la pikipiki nyingine, usukani umeteremshwa, eksozi imekatwa ili ingurume. Deo, aliyekuwa ametunza fedha zake za korosho kwa misimu kadhaa, alipoiona alikosa usingizi.

Asubuhi ya siku ambayo Deo angeinunua, Benadetha alimwona mfanyabiashara yule kwenye ua wa ile nyumba ya wageni. Alikuwa akifunga bomba la mafuta ya breki lililopasuka kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kisha alilipaka grisi na vumbi ili lisionekane. Benadetha alikimbia hadi kwa Deo.

"Deo, pikipiki yako imefungwa bandeji. Itakuua, na mimi nitakula wali wa matanga yako."

"Kula na ukoko," Deo alicheka. "Wivu tu huo. Utanibembeleza nikupakie."

Benadetha naye akacheka, akaenda shule. Alijua hakueleweka, lakini ulimi wake ulizoea mzaha, na kumwambia Deo neno zito aliona haya.

Jumapili iliyofuata, Deo alikuta lori limesimama kwenye kona ya barabara ya Nangurukuru. Breki hazikushika. Walimzika kesho yake, na mama yake, Helena, akawa anainua kichwa kila injini ilipolia barabarani.

Kwenye matanga watani wana kazi yao: kutania, ili wafiwa wapate nguvu. Wanawake walimtazama Benadetha, wakimngoja aanze. Ndipo akamsikia Francis, rafiki wa Deo, akizungumza na Mzee Sipriani.

"Baba, pikipiki imekunjika mbele tu. Niuzie niinyooshe, iwe kumbukumbu ya mwenzangu."

Benadetha aliinuka. "Usimuuzie, mjomba. Itamuua na huyu."

Watu wakaangua kicheko. "Haya, mtani kaamka," mama mmoja alisema kwa furaha.

"Sitanii," Benadetha alisema huku akilia. "Leo sitanii." Akaeleza yote aliyoyaona uani.

Kicheko kilikatika. Mzee Sipriani alikwenda nyuma ya nyumba, akaifuta ile grisi, akarudi na kipande cha mpira mkononi. Alikaa mkekani mbele ya Benadetha.

"Deo ulimwambia?" aliuliza.

"Nilimwambia, mjomba. Lakini nilimwambia kwa utani."

Francis aliinamisha kichwa. Mzee Sipriani hakumkemea mpwa wake.

"Pikipiki hii haiuzwi," alisema. "Kesho tutaivunja, na aliyetuuzia nitamshtaki polisi. Yeye ndiye aliyeficha ubovu, mama, si wewe. Ila shika neno hili: utani ni mzuri, lakini neno la hatari usilivike utani. Ukiona mwenzako anacheka, mshike mkono, umrudie tena na tena mpaka aache kucheka."

"Ningemshika, angenisikia," Benadetha alisema.

Mzee Sipriani alitaka kumwambia hapana, ili asijilaumu. Lakini sasa hivi tu alikuwa amemfundisha kutoficha neno zito.

"Angekusikia, mama," alijibu, akamvuta karibu yake.