Wavu wa Bwawa la Yasika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ralitsa alimpelekea bibi yake mkate na mtindi. Bibi Tsveta aliishi katika nyumba ya mwisho ya mtaa wa chini, chini kabisa ya tuta la bwawa. Nyonga zilikuwa zimemlaza kitandani karibu na jiko la kuni, lakini mdomo wake ulikuwa mzima.

“Umechelewa,” alisema kila siku. “Nilikuwa nimeshaanza kutafuna shuka.”

Ralitsa alicheka, akachochea moto, kisha akapanda kijia kilichopita juu ya tuta hadi shuleni. Huko juu ndiko alikokutana na ule wavu.

Bwawa letu lilijengwa kwa ajili ya mafuriko. Lilitakiwa kukaa na maji kidogo tu, ili mvua kubwa ikishuka kutoka mlimani ipate mahali pa kutua. Pembeni mwa tuta kulikuwa na mfereji mpana wa saruji, wa kupitisha maji yaliyozidi hadi mtoni. Lakini sisi watu wa Yasika tunapenda samaki. Siku ya Mtakatifu Nikola, mwanzoni mwa Desemba, nyumba isiyo na samaki wa sharani aliyejazwa wali na kokwa za jozi ni nyumba ya kuonewa huruma. Basi tuliliacha bwawa lijae, na Ognyan, baba yake Ralitsa, akafuga sharani wa kijiji kizima. Ili wasitoroke, aliziba mdomo wa mfereji kwa wavu wa chuma. Tulimsifu sana.

Wakati wa kiangazi mhandisi wa wilaya alikuja, akauona wavu, akashika kichwa.

“Utoeni huu,” alisema. “Majani yakiujaza, maji yatapita juu ya tuta. Na tuta ni udongo. Ukianza kulika, hakuna wa kuuzuia.”

Watu wote walitikisa vichwa huku na huku, maana kwetu ndivyo mtu anavyokubali.

“Tutautoa,” alisema Mzee Panayot, mwenyekiti wa kijiji. “Mtakatifu Nikola apite tu.”

Ralitsa alikuwepo siku hiyo. Alikuwa mtoto wa maswali mengi, na sasa alikuwa na swali lisilompa usingizi: je, mvua ikija kabla?

Vuli ilipoingia, majani ya miti yakaanza kuganda kwenye wavu. Ralitsa alichukua reki, akawa anayavuta kila asubuhi, yale aliyoweza kuyafikia. Kesho yake yalikuwa yamerudi na wenzao. Aliona pia kwamba nguzo ya kushoto ya wavu ilikuwa inacheza kama jino bovu.

Hata Mzee Panayot aliiona. “Ognyan,” alitania, “hiyo nguzo uliipigilia au uliibembeleza?”

“Nitaimwagia zege,” alijibu Ognyan. “Mtakatifu Nikola apite tu.”

Kila jioni Ralitsa alimwambia baba yake mezani, “Baba, maji yameshafika kwenye wavu.”

“Kula supu yako, mwanangu.”

“Na Bibi yuko pale chini.”

“Bibi yako amekaa pale tangu kabla sijazaliwa. Kula, inapoa.”

Alikwenda kwa Mzee Panayot. Yeye alimpa pipi, akamwambia ana akili kama mwalimu. Ralitsa alitoka na pipi yake mkononi, akalia njiani kwa hasira. Angefanya nini tena? Reki yake ilikuwa fupi, na watu wazima wote walikuwa wameshaanza kuongelea jozi na wali.

Wiki ya mwisho ya Novemba theluji ilianguka mlimani. Jumamosi ukaja upepo wa joto na mvua nzito, theluji yote ikayeyuka kwa mpigo. Kufikia mchana bwawa lilikuwa limefura, maji ya kahawia, na wavu haukuonekana tena. Palikuwa na ukuta wa majani, mabua ya mahindi na mlango wa banda la kuku la mtu.

Wanaume walikuja na uma ndefu za kugeuzia nyasi, wakachoma na kuvuta. Maji yalikuwa yameyakandamiza yale mabua hata hayakutikisika. Walileta trekta, likazama kwenye tope kabla ya kufika. Mzee Panayot alipiga simu wilayani, akaambiwa barabara imeshafunikwa na maji, hakuna gari litakalopita.

“Waondoeni watu wa mtaa wa chini!” alipaza sauti. Hapo sauti yake haikuwa na utani.

Maji yakaanza kuchuruzika juu ya tuta, pale pale palipochimbika kwa nyayo za wanafunzi. Bonge la udongo likadondoka upande wa chini, kisha jingine. Ognyan alitupa uma wake.

“Ralitsa, kaa hapa na mwenyekiti! Usishuke!”

Akateremka mbio kwenda kwa mama yake.

Ralitsa alisimama kilimani, pembeni mwa tuta, Mzee Panayot amemshika bega. Aliona watu wakitoka na watoto na mbuzi. Alimwona baba yake akiingia nyumba ya mwisho. Halafu hakumwona tena. Bonge baada ya bonge, tuta lilikuwa linaliwa mbele ya macho yake, juu ya paa la Bibi. Aliita, “Baba! Toka!” lakini maji yalikuwa na kelele kumzidi.

“Fanya kitu, Mzee Panayot!”

“Sina cha kufanya, mjukuu wangu,” mzee alisema. “Sina.”

Ndipo nguzo ya kushoto ilipong’oka. Wavu ulijikunja, na majani, mabua, mlango wa banda na sharani wote wa kijiji wakaporomoka mferejini kuelekea mtoni. Maji ya bwawa yakashuka polepole, yakaacha kupita juu ya tuta. Kwenye tuta lilibaki shimo ambalo mtu angeweza kusimama ndani yake.

Ognyan alitoka amembeba mama yake mgongoni.

“Meno yangu yamebaki kwenye glasi!” Bibi Tsveta alikuwa anagomba. “Nirudishe!”

Ralitsa aliwakumbatia wote wawili, akalia mpaka akapata kwikwi.

Siku ya Mtakatifu Nikola tulikula supu ya maharage katika ukumbi wa kijiji. Watu walimpigia makofi Ognyan kwa kumbeba mama yake. Akasimama, uso umemwiva kwa aibu.

“Msinipigie makofi,” alisema. “Tumeokolewa na nguzo niliyoipigilia vibaya. Kama ningekuwa nimeimwagia zege, leo tungekuwa tunamzika mama yangu, na pengine mimi. Mhandisi alituambia, tukakubali kwa vichwa tu. Mwanangu aliniambia kila jioni, nami nikamwambia ale supu. Hatari haisubiri sikukuu ipite. Jambo la usalama likisemwa, awe amelisema mhandisi au mtoto, lifanywe siku ile ile. Mwakani mtu akitaka sharani, akamnunue mjini.”

Mzee Panayot aliinamisha kichwa, akamwomba Ralitsa radhi mbele ya watu wote, na safari hii hakumpa pipi.

Majira ya kuchipua wilaya ilileta mafundi, shimo likajazwa udongo wa mfinyanzi na kushindiliwa. Bwawa sasa lina maji ya kumfika bata magotini, na mdomo wa mfereji uko wazi. Tunautazama kwa zamu, na njia ya shule imehamishwa kutoka juu ya tuta.

Nyumbani kwa Ognyan supu bado hupoa mara nyingi. Siku hizi Ralitsa akianza tu kusema, “Baba…” yeye huweka kijiko chini, akasikiliza mpaka mwisho.